Jibini iulize umri wake: jibu kwa msomaji ambaye maziwa humsumbua tumbo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 36, naishi Mwanza. Kila nikinywa chai ya maziwa asubuhi tumbo linajaa na kuunguruma, na kabla ya saa nne nimeshakwenda chooni mara mbili. Nilipokwenda kutibiwa nikaambiwa tumbo langu halipatani na laktosi, niache maziwa na kila kitu kitokanacho na maziwa, jibini ikiwemo. Kaka yangu anaendesha lori kwenda Goma, huniletea jibini ya Masisi. Nimekuwa nikila vipande kwa siri na sioni shida. Lakini juzi tulikula piza, nikaumwa usiku kucha. Je, jibini inanifaa au hainifai? Na sisi ni ukoo wa wafugaji, babu alikunywa maziwa hadi anafariki, imekuwaje mimi? Mwisho, nina mtoto wa miezi mitano, na mama mkwe anataka nimwachishe ziwa kabla tatizo langu halijamwingia.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili uache kujificha: jibini ya Masisi kula. Kula mezani, mbele ya watu. Piza tutaizungumza, maana nadhani pale unamshtaki asiye mkosaji. Aliyekuambia uache kila kitokanacho na maziwa alikutakia mema. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii niliwapa watu maneno hayohayo, nikawanyima chakula kizuri kwa miaka bila sababu, na jambo hilo hadi leo linaniuma.

Tatizo lako lina jina la kitu kimoja tu, laktosi, yaani sukari ya maziwa. Imeundwa na sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na utumbo mwembamba hauwezi kuifyonza mpaka zitenganishwe. Anayezitenganisha ni kimeng'enya kiitwacho laktasi. Kwa watu wengi duniani, kama theluthi mbili ya watu wazima, laktasi hupungua sana baada ya utoto. Hapo laktosi hupita bila kuvunjwa, inavuta maji njiani, inafika utumbo mpana, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa gesi. Kuunguruma unakokusikia ni hiyo gesi, kuharisha ni hayo maji. Inatesa, inaaibisha, lakini utumbo wako haupati kidonda kwa sababu hiyo. Ni suala la kiasi: laktosi ngapi imeingia, kwa kasi gani, na laktasi uliyobaki nayo inatosha kuvunja ngapi.

Tupime chai yako. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 48 hivi za laktosi. Vikombe viwili vikubwa vya chai iliyopikwa nusu maziwa nusu maji vina robo lita ya maziwa, yaani gramu 12, na wewe unavinywa asubuhi tumbo likiwa tupu. Mwaka 2010 wataalamu waliopitia tafiti kwa niaba ya mamlaka za afya za Marekani na Ulaya walikubaliana kwamba watu wengi wenye hali yako huweza kuhimili karibu gramu 12 kwa mara moja, bila dalili au kwa dalili ndogo, na zaidi wakila pamoja na chakula. Kwa hiyo wewe unasimama ukingoni kila asubuhi. Kikombe kimoja kidogo, baada ya kiazi au chapati, pengine kisingekusumbua kabisa. Lakini hukuniuliza chai, umeniuliza jibini.

Ili kuielewa jibini, fuata maji yake. Kutengeneza kilo moja ya jibini ngumu kunahitaji lita kama kumi za maziwa. Lita hizo kumi zina karibu nusu kilo ya laktosi. Mtengenezaji anayapasha maziwa moto kidogo, anatia bakteria wa kuyachachusha, kisha anatia renneti, ile dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Maziwa yanashikana kuwa bonge laini. Analikata vipande vidogovidogo, na hapo maji yenye rangi ya kijanikijani yanaanza kutoka, lita kama tisa. Laktosi huyeyuka katika maji. Haina ndoa na mafuta wala na protini inayoganda. Maji yakitoka, inatoka nayo. Ile nusu kilo ya sukari, sehemu kubwa mno inaondoka kwenye ndoo ya maji, na mara nyingi wanaopewa ni nguruwe au ndama.

Kinachobaki ndani ya bonge ni kidogo, na hicho nacho hakiponi. Bakteria waliotiwa mwanzoni wanaendelea kukila na kukigeuza kuwa asidi ya laktiki, siku baada ya siku, wakati jibini imekaa rafuni ikikomaa. Ndiyo maana nasema iulize umri wake. Jibini iliyokaa miezi imebaki na laktosi ya kuhesabika kwa sehemu za gramu: Cheddar iliyokomaa, Emmental, Gouda iliyokomaa, zote kwa kawaida ziko chini ya nusu gramu katika gramu 100, na nyingi hazifiki hata moja ya kumi ya gramu. Parmigiano Reggiano ya Italia, ambayo kwa kanuni zake haiuzwi kwa jina hilo kabla ya miezi 12, haina laktosi ya kutajika.

Sasa hiyo ya Masisi unayoletewa. Ni jibini ya namna ya Gouda, kutoka malisho ya milimani huko Kivu ya Kaskazini, na ufundi wake uliletwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Ulaya karne iliyopita. Gouda ina jambo moja linalokufaa wewe hasa: baada ya kumwaga sehemu ya maji ya maziwa, fundi humimina maji safi ya moto juu ya vipande na kuvikoroga. Anaviosha. Kusudi lake ni kupunguza uchachu ili jibini itoke tamu na laini, lakini anachokipunguza ni hiyohiyo laktosi. Kwa hiyo hata Gouda changa, ya wiki chache tu, huwa imebaki na laktosi kidogo sana. Ulipokula kwa siri ukaona tumbo limetulia, hukubahatisha, na tumbo lako halikukudanganya.

Zipo jibini ambazo hazikupata muda wala hazikumwaga maji vya kutosha, na hizo ndizo za kuangalia. Ricotta hupikwa kutokana na yale maji yenyewe yaliyobeba sukari, kwa hiyo ina kama gramu tatu katika gramu 100. Jibini laini ya kupaka kwenye mkate, ile nyeupe ya kopo, nayo iko hapohapo, sawa na ile ya mabonge mabonge inayoliwa kwa kijiko. Ukipaka kijiko kimoja hutaumwa. Ukila kopo zima utaumwa. Mozzarella iko katikati, kwa kawaida gramu moja hivi au chini yake. Brie na Camembert, ingawa ni laini, ukungu na bakteria huwa wamekwisha kuila karibu laktosi yote, hivyo ulaini peke yake usikutishe.

Inayonipa wasiwasi zaidi madukani kwetu ni ile iliyosindikwa: vile vipande vya mraba vya kuwekwa kwenye baga, na zile pembetatu ndogo za karatasi ya fedha ambazo watoto wanazipenda. Hii ni jibini iliyoyeyushwa na kuchanganywa na vitu vingine, na mara nyingi kimojawapo ni unga wa maziwa au unga wa yale maji ya maziwa. Yaani laktosi iliyotolewa kwa kazi kubwa inarudishwa kwa mlango wa nyuma. Soma viambato. Ukiona unga wa maziwa, au neno whey, yaani yale maji ya maziwa, jua imerudi. Kisha tazama mstari wa sukari. Jibini ya kawaida isiyotiwa kikolezo haina sukari nyingine isipokuwa laktosi, kwa hiyo mstari huo unakusomea tatizo lako moja kwa moja: ikiandikwa 0 au 0.1 katika gramu 100, kula kwa amani.

Na tafadhali usiuziwe jibini ya mbuzi kama dawa. Kila wiki ninamkuta mtu aliyelipa bei mara mbili kwa sababu aliambiwa maziwa ya mbuzi hayana laktosi. Yanayo, pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe, na ya ngamia vilevile. Jibini ya mbuzi ikikomaa itakufaa kwa sababu imekomaa, wala si kwa sababu ya mbuzi.

Turudi kwenye piza. Hebu hesabu. Tuseme ulikula nusu ya piza kubwa na ndani yake kulikuwa na gramu 100 za mozzarella. Hiyo ni laktosi gramu moja hivi. Wewe ambaye chai ya gramu 12 inakusumbua kwa saa chache, gramu moja haiwezi kukulaza macho usiku kucha. Kuna kitu kingine. Mchuzi wa piza umejaa vitunguu maji na vitunguu saumu, na unga wake ni wa ngano. Vyote vitatu vina fruktani, aina ya wanga ambayo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuivunja. Nayo inashuka hadi utumbo mpana na kuchachushwa vilevile. Wengi haiwasumbui, ila mwenye utumbo mwepesi kushtuka inamtesa sawasawa na maziwa. Ongeza mafuta mengi yanayochelewesha tumbo kujisafisha, ongeza soda, ongeza kwamba ilikuwa usiku na ulilala mapema. Na inawezekana pia, maana inafanyika, kwamba juu ya piza hapakuwa na mozzarella bali mchanganyiko wa bei nafuu wenye unga wa maziwa.

Njia ya kujua ni rahisi, na inahitaji uvumilivu na daftari. Wiki mbili kaa bila maziwa, bila aiskrimu, bila jibini laini. Tumbo likitulia, anza na kipande cha jibini ya Masisi ukubwa wa kiberiti, ambacho ni kama gramu 30, ule pamoja na chakula cha mchana. Fanya hivyo siku tatu, uandike. Kisha siku nyingine kula mozzarella ileile kiasi hicho, juu ya kiazi cha kuchemsha, bila kitunguu wala ngano. Ukivuka salama, umeshamjua mkosaji wa ile Jumamosi au siku yoyote ile ilivyokuwa. Siku nyingine kabisa jaribu kitunguu kikavu kilichokaangwa na wali, bila jibini. Usichanganye majaribio mawili katika siku moja, hapo ndipo watu wanapopotea. Hospitali zenye vifaa zina kipimo cha pumzi: unakunywa laktosi iliyopimwa, kisha wanapima haidrojeni unayoitoa, kwa kuwa bakteria wakiichachusha gesi hiyo huingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Ni kipimo kizuri, lakini kwa swali lako daftari linatosha.

Vipo pia vidonge vya laktasi, vinavyomezwa pamoja na tonge la kwanza. Vinafanya kazi kwa wengi, hasa ukialikwa mahali ambapo huwezi kuuliza kilichomo. Kwa jibini ya Masisi usivinunue, utakuwa unamlipa mlinzi wa nyumba isiyo na kitu.

Kuhusu babu yako. Umeuliza jambo lililowashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliopima watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wana badiliko dogo la kijenetiki linaloiacha laktasi ikiendelea kufanya kazi utu uzimani, na kwamba badiliko hilo ni tofauti na lile lililopatikana kwa Wazungu, ambalo lilielezwa na watafiti wa Finland mwaka 2002. Yaani wafugaji wa kwetu walilipata kwa njia yao wenyewe, ndani ya miaka elfu chache, wakiishi na ng'ombe. Lakini ukoo wa wafugaji haumaanishi kila mtoto amerithi. Babu anaweza kuwa alibeba nakala moja, baba yako asiipate, na wewe usiipate. Hujaharibika na hujapungukiwa; una tumbo la binadamu wengi.

Nina neno jingine juu ya babu. Muulize shangazi au bibi kama bado wapo: alikunywa maziwa gani? Nimezungumza na wazee wengi wa ufugaji, na mara nyingi jibu ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Mtindi, maziwa mgando, mursik ya Wakalenjin, yote yana laktosi, lakini sehemu yake imekwisha kuliwa na bakteria, na katika mtindi usiochemshwa baada ya kuganda wale bakteria wanaingia tumboni wakiwa hai pamoja na laktasi yao wenyewe, wakakusaidia kuvunja iliyobaki. Tena ni mzito, unapita taratibu. Kwa hiyo kikombe cha mtindi kinaweza kukupita salama wakati kikombe cha maziwa freshi chenye karibu laktosi ileile kinakurusha. Samli, ambayo Usukumani hamhitaji kufundishwa na mtu, ina laktosi ya chembe tu.

Huko Poland, vichungi vya udongo vyenye matundu vilivyotumika miaka kama 7,000 iliyopita vilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, wakakuta mabaki ya mafuta ya maziwa. Vilikuwa vya kuchujia jibini. Wakulima wa Ulaya wa wakati huo, walio wengi, walikuwa bado hawana uwezo wa kuvunja laktosi wakiwa watu wazima. Fikiria hilo unapokata kipande chako: waliohangaika kwanza kuyatoa yale maji kwenye maziwa walikuwa na tumbo kama lako.

Sasa mambo ambayo sitaki uyapuuze. Kutopatana na laktosi si sawa na mzio wa maziwa. Mwenye mzio, mwili wake unapigana na protini ya maziwa, na protini ndiyo hasa iliyojaa ndani ya jibini. Kama baada ya kula jibini ungevimba midomo, kutokwa na vipele vya kuwasha au kubanwa pumzi, ningekuambia usiiguse hata iwe ya miaka mitatu. Hukutaja lolote kati ya hayo. Vilevile, ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, ukipata homa, au ukiamshwa usiku na kuhara mara kwa mara, hilo si suala la laktosi, nenda hospitali. Na kama kero ya maziwa ingekuanza ghafla baada ya kuugua kuhara kukali, kwa mfano kwa giardia, kijidudu cha utumboni, ningesema subiri: ngozi ya ndani ya utumbo ikipona, laktasi huweza kurudi baada ya wiki kadhaa.

Muulize kaka yako jibini hiyo imetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa au mabichi. Kama ni mabichi na ni changa, kuna hatari ya brusela, ugonjwa tunaoufahamu vizuri katika nchi za wafugaji, na mjamzito asile kabisa kwa sababu ya bakteria aitwaye listeria. Itumie hiyo kwa kupika, iyeyuke na ichemke kabisa. Pia ina chumvi nyingi. Mwenye presha ahesabu vipande vyake.

Unanyonyesha, kwa hiyo unahitaji kalsiamu ya kutosha, gramu moja kwa siku. Kipande cha kiberiti cha jibini ngumu kinakupa karibu moja ya tano yake. Zilizobaki hazihitaji maziwa: mko Mwanza, dagaa wa ziwa mnaowala wazima na mifupa yao ni hazina. Sukuma wiki nayo inatoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri, tofauti na mchicha, ambao kalsiamu yake nyingi imefungwa na oksalati, kemikali ya asili iliyomo ndani yake.

Na mtoto. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba mtaalamu amekataa. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kama gramu 7 katika kila mililita 100, na hayo hayatokani na ulichokula wewe. Ukila jibini au usipokula, titi linatengeneza kiasi kilekile. Mtoto wa miezi mitano ana laktasi tele. Wanaozaliwa bila laktasi kabisa ni nadra mno duniani, nao huonekana siku za kwanza kabisa kwa kuharisha kukali na kukonda. Kama amerithi hali yako itajitokeza akiwa amekwisha kuacha ziwa, miaka kadhaa kuanzia sasa. Mnyonyeshe bila kitu kingine mpaka afikishe miezi sita, kisha endelea kumnyonyesha pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi.